Mwatiko wa Baba Dogo

Tulipotoka kumzika Mama Shiro na watu wakarudi nyumbani kwake mtaa wa Umoja kunywa chai, binti yake, Shiro, aliniita jikoni akanipa kopo. "Nekesa, Mama alisema hili ni lako," akasema, kisha akarudi kusuuza vikombe, maana wageni walikuwa wengi na vikombe vilikuwa vya kuazima. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, lile la kilo moja, lililobanduka rangi hadi likabaki bati tupu. Nililijua kabla sijalishika. Nililinusa papo hapo, katikati ya wanawake waliokuwa wakipaka mkate siagi, na mmoja wao akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Lilikuwa bado linanuka omena, wale dagaa wa ziwani. Miaka minane, na bado omena! Nililitia mkobani bila kulitazama vizuri, nikaketi pembeni na chai yangu, na badala ya machozi nikajikuta nina hasira. Nilikuwa nimemkasirikia marehemu siku ya mazishi yake, na kila mtu aliyepita aliniambia, "Pole, najua mlipendana."

Ni kweli tulipendana. Ndiyo maana nataka kuandika juu ya mwaka mmoja tu. Sitasema nilizaliwa wapi wala kwetu tulikuwa wangapi. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo sizitaji mbele za watu, nikaja Nairobi kupanga chumba Pipeline, mtaa wa maghorofa yaliyobanana, ghorofa ya sita, upande ambao jua halifiki, na nikiwa na miaka ishirini na mmoja nikapata kazi katika kiwanda cha chakula cha mifugo kule Baba Dogo. Kiwanda ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kirefu cha mabati nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, chenye mashine moja ya kusagia, mzani mmoja, na sakafu ya simiti iliyong'aa kwa kusuguliwa na sepetu. Hapo sakafuni ndipo chakula kilipochanganywa: pumba, mashudu ya alizeti, soya, omena na chokaa, lundo moja kubwa, na sisi tukiligeuza kwa sepetu mara tatu kama watu wa mjengo wanaochanganya zege. Vumbi lilitufanya sote tuwe na nyusi nyeupe. Nilikuwa mtu wa furaha siku hizo. Nilikuwa naimba nikigeuza lundo, na nilikuwa na hakika kwamba siku moja, sijui kwa njia gani, nitakuwa mtu fulani katika mambo ya chakula cha wanyama.

Mama Shiro ndiye aliyekuwa fundi wa kuchanganya. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye leso kichwani na ulimi mkali wa kila namna. Kopo lile lilikuwa lake. Ndani yake alikuwa amekwaruza mistari miwili kwa msumari, wa juu wa ng'ombe na wa chini wa kuku, na kwa mistari hiyo alipima unga wa vitamini, kile kitu kidogo ambacho bila hicho lundo lote si chakula, ni takataka tu. Kwanza aliuchanganya na pumba kidogo kwenye beseni, ndipo akaunyunyiza juu ya lundo. Halafu alionja. Hakuna lundo lililotoka pale bila kupita ulimini mwake. Siku yangu ya kwanza alinisogezea kiganja kilichojaa.

"Onja."

"Mama Shiro, si hiki ni cha kuku?"

"Na wewe unakula nini Krismasi? Si kuku? Onja, wacha maringo."

Nikaonja. Akanifundisha kutambua soya ambayo haikukaangwa vizuri, mashudu yaliyovunda, chokaa iliyozidi. Baada ya miezi mitatu niliweza kukwambia kwa ulimi lundo limegeuzwa mara mbili au mara tatu. Saa saba tulikula githeri, mahindi na maharagwe, ya mama wa kando ya barabara, tukiwa tumeketi juu ya magunia. Ya pumba yalikuwa laini, ya chokaa magumu, na kila mtu alikuwa na gunia lake. Bwana Gitau, mwenye kiwanda, alikula peke yake ofisini, lakini ofisi ilitengwa nasi kwa ubao mwembamba tu, kwa hiyo tulisikia simu zake zote, na hata sauti ya kijiko chake. Mama Shiro aliita ule ubao redio.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka Mama Kadzo alipobisha hodi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa Pwani, upande wa Kilifi, mtu mrefu mwembamba aliyesafiri usiku kucha kwa basi na bado kanga yake haikuwa na kunyanzi hata moja. Mkononi alishika mfuko wa plastiki uliofura hewa na maji, na ndani ya maji kulikuwa na samaki kumi na wawili, kila mmoja kama kidole changu cha mwisho.

"Hamjambo wanangu?"

"Poa, mathe," nikasema, na Mama Shiro akanifinya mkono.

"Hatujambo, mama. Huyu msamehe, ni mtoto wa huku. Karibu."

Mama Kadzo akacheka. Akatueleza kwamba wale walikuwa mwatiko, samaki wa bahari. Wao huwakamata wakiwa wadogo maji yanapotoka ufukoni, na kuwafuga katika mabwawa waliyochimba nyuma ya mikoko, ambako maji ya bahari huingia na kutoka. Mabwawa ya udongo walikuwa nayo tangu zamani, na samaki walikua, lakini polepole. Sasa walikuwa wamepata mabwawa mapya, yaliyotandikwa plastiki nzito chini, masafi, na walitaka chakula cha kweli cha kuwakuza. Kile kinachotoka ng'ambo hawakukiweza. Walikuwa wamesikia kuna kiwanda Nairobi.

"Mama, umefika," Bwana Gitau akasema, akijiweka sawa koti lake lenye kalamu tatu mfukoni. "Kuku, ng'ombe, samaki, tumbo ni tumbo."

"Huenda," Mama Kadzo akajibu. "Ila hawa nimewaleta muwaone. Mimi simpi kazi mpishi asiyemjua mlaji."

Akaniangalia mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa nimeinama juu ya mfuko mdomo wazi. Akaniuliza kama nimewahi kuiona bahari. Nikasema hapana. "Basi utawalea wewe," akasema. "Na siku tutakapovua wale wa kwanza waliokula chakula chenu, utakuja tule pamoja. Nitakukaanga mwatiko hadi usahau jina lako." Nilitembea kutoka Baba Dogo hadi Pipeline jioni ile kwa miguu kwa ajili ya furaha. Sasa nikikumbuka natamani kumshika yule msichana bega na kumwambia apunguze mwendo.

Tulikata pipa la buluu nikaliweka kwenye kona karibu na mlango. Mama Kadzo alikuwa ametuachia madumu mawili ya maji ya bahari na akanifundisha kuongeza maji ya mfereji kidogo kidogo, kwani mwatiko huzoea. Nilinunua pampu ndogo ya hewa, ya watu wanaofuga samaki wa mapambo. Na nililisafisha lile pipa! Kila Jumamosi nilisugua kuta zake kwa brashi hadi ukijani wote ukatoka, na maji yakawa meupe hata ungeweza kusoma gazeti chini yake. Wateja wa chakula cha kuku walikuja kuona. Nilisimama pale kama mtu mwenye gari jipya.

Chakula chenyewe kilitutesa. Bwana Gitau alikuwa na karatasi mbili za Kizungu alizochapisha kwenye saiba, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuzisoma, nilizisoma mimi, neno kwa neno, na simu mkononi. Samaki wa bahari anataka omena nyingi kuliko kuku, na omena tuliyoletewa ilikuwa na mchanga. Niliitia kwenye beseni la maji, mchanga ukashuka chini, kikombe kizima. Tukarudisha, tukaletewa nyingine, nayo ikawa na mchanga mzuri zaidi, mchanga laini. Halafu kuku hali majini, na sisi tulikuwa watu wa kuku. Punje zetu za kwanza zilipotumbukizwa kwenye glasi zilivunjika zikawa uji kabla sijaondoa mkono. Tukajaribu kuzishikisha kwa unga wa ngano, zikawa mawe. Tukajaribu muhogo uliopikwa, tukaupitisha na mchanganyiko wote kwenye mashine ya kusagia nyama tuliyoazima kwa mwenye bucha wa jirani, na punje zikatoka nzuri, ndefu kama tambi, lakini siku ya pili mwenye bucha akaja anapiga kelele kwamba wateja wanarudisha nyama, wanasema ng'ombe wake alikuwa anakula Ziwa Victoria. Tulianika punje juu ya mabati, kunguru wakala nusu. Nilikuwa na hasira kila siku ya juma, na kila Jumapili nilisahau.

Katika ile karatasi, mstari wa mwisho kabisa wa viungo, palikuwa na maneno ambayo niliyatafsiri kwa sauti kubwa mbele ya wote: mchanganyiko wa vitamini wa samaki. Nilizunguka maduka ya Industrial Area siku mbili. Wa kuku wa mayai ulikuwepo, wa kuku wa nyama, wa ng'ombe, hata wa nguruwe. Wa samaki haukuwepo. Nilirudi nikamwambia Bwana Gitau.

"Vitamini ni vitamini," akasema. "Kwani samaki ana kabila lake?"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, naandika hili kwa sababu ni kweli. Mama Shiro akachovya kidole kwenye unga wa kuku, akaonja, akatikisa kichwa kukubali, akajaza kopo hadi mstari wa chini. Hakuna mtu wa ufundi mwingine ambaye angefanya kosa lile kwa moyo mweupe namna ile. Tulikuwa tumelisha kuku wa mtaa hadi mtaa kwa unga ule, na kuku walitaga.

Ikafika siku punje zikadumu. Mama Shiro alitumbukiza kumi kwenye glasi ya maji ya chumvi, akamimina chai, akanywa vikombe viwili bila haraka, na punje zikawa bado punje. Alipiga makofi mara moja tu. Magunia ya kwanza yalikwenda Pwani, na ya pili, na ya tatu. Mwatiko wangu pipani walikula kama wendawazimu, wakarefuka, wakang'aa kama vijiko. Mama Kadzo alituma salamu. Bwana Gitau akaanza kuzungumza na vikundi vingine vya huko, kwa sauti kubwa, upande wa pili wa ubao.

Sikumbuki ilikuwa lini hasa nilipomwona wa kwanza. Nilikuwa nimempa mmoja jina la Karani kwa sababu alipenda kukaa pembeni kama anaandika. Asubuhi moja Karani alikuwa anaogelea kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja. Nilidhani amejigonga. Baada ya wiki mbili walikuwa wanne, na ungeweza kuuona wazi kutoka juu: mgongo ulikwenda sawa, kisha ukakata kona karibu na mkia. Walikula bado, lakini wenzao wenye migongo iliyonyooka waliwatangulia, na wao wakafika punje zikiwa zimekwisha. Nilianza kuwawekea zao peke yao, kwa mkono.

"Pipa ni dogo," Bwana Gitau akasema. "Wamebanana. Si wewe unakaa Pipeline? Hujajiangalia kwenye kioo?"

Watu wakacheka hadi vumbi likapanda. Nikacheka pia. Lakini mchana nilipanda juu ya paa, penye mtandao mzuri, nikampigia Mama Kadzo, nikamuuliza kama kwao wapo waliopinda.

"Mabwawa ya udongo, hamna. Haya mapya ya plastiki, ndiyo, tumeanza kuona. Tulidhani ni nyavu zimewaumiza. Kwani na wako?"

Nilishuka nikaketi kando ya pipa langu safi. Chakula ni kile kile. Samaki ni wale wale. Mabwawa ya udongo ni ya kijani, samaki wanakula ukijani ule siku nzima, na kumbe kuna kitu wanakipata humo. Mabwawa mapya hayana. Na pipa langu halina, kwa sababu kila Jumamosi nilikuwa nakiondoa kwa brashi. Nilichukua mfuko mtupu wa unga wa vitamini nikaenda nao kwa jamaa wa duka la dawa za mifugo, barabara ya pili, mtu mpole aliyesomea mambo hayo chuoni. Akapitisha kidole kwenye maandishi: A, ipo. D, ipo. E, K, B hizi zote zipo.

"C haipo," akasema.

"Wameisahau?"

"Hawajasahau. Kuku anajitengenezea mwenyewe mwilini. Ya nini kumnunulia? Samaki hawezi. Akikosa, mifupa haishiki vizuri, anapinda." Akanitazama usoni. "Mmempa nani?"

Akanieleza na dawa yake. Inunuliwe C peke yake, isagwe, ichanganywe na mafuta kidogo, ipakwe kwenye punje zikiwa zimeshakauka, kivulini, kwa sababu moto unaiua na jua linaiua. Nilipiga hesabu naye juu ya kipande cha boksi. Kwa lundo letu, robo kopo. Nilikimbia kurudi. Nilikuwa na furaha, mnaweza kuamini? Nilidhani nimeleta habari njema.

Bwana Gitau alinisikiliza akiwa amesimama. Kisha akafunga mlango wa ofisi, jambo ambalo kwa ubao ule lilikuwa mchezo wa kuigiza tu, akaniuliza niliishia darasa gani. Akasema kuna vikundi vitatu vinasubiri magunia, na kwamba nikisikika nikisema chakula chetu kinapinda samaki, watu wa kuku nao watakimbia. "Shida ni maji yao," akasema. "Umesikia? Maji." Nikatoka nikamwendea Mama Shiro, ambaye bila shaka alikuwa amesikia yote kwenye redio yake. Alikuwa anafuta kopo kwa pindo la leso.

"Kwa hivyo ulimi wangu umesema uongo," akasema.

"Si uongo, Mama Shiro. Ulimi unaonja kilichomo. Hiki hakimo. Hakuna mtu angeonja."

"Nilianza kuchanganya hujazaliwa."

"Najua. Ni robo kopo tu. Tunapaka mwishoni, baada ya—"

"Nekesa. Shika sepetu."

Nikashika sepetu. Na hapo ndipo penye jambo ambalo limenikalia rohoni miaka yote hii, kwa sababu niliendelea kuishika. Kesho yake nilimsikia Bwana Gitau kwenye simu na Mama Kadzo, sauti tamu kabisa: maji yenu yamechafuka, mama, badilisheni kila siku, maji yakiwa ya kijani mwageni, yawe meupe kabisa. Niliketi kwenye gunia langu, nikaweka bakuli la githeri chini. Alikuwa anawaambia wamwage kile kitu kimoja kilichobaki cha kuwasaidia. Nilimtazama Mama Shiro. Alikuwa anatafuna, macho kwenye bakuli, na alitafuna maharagwe yale muda mrefu mno. Nilijiambia atasema yeye, ni mtu mzima, atasikilizwa. Nilijiambia kodi ya nyumba. Nilijiambia kesho. Kila asubuhi niliwahi pipani nikahesabu waliopinda, wakawa sita, wakawa saba, na niliacha kusugua kuta nikaanza kuwapondea majani ya sukuma wiki, ambayo waliyatema. Siku kumi na moja zilipita hivyo.

Siku ya kumi na mbili, wenzangu wakila, nilipanda juu ya paa nikampigia Mama Kadzo. Nilisema yote kwa pumzi moja: msimwage maji, yaacheni yageuke kijani, kosa si lenu, ni letu, tuliwapa vitamini za kuku, nimeambiwa na mtu anayejua, itafuteni C mpake wenyewe. Nilisubiri aseme ahsante. Ni ujinga, lakini nilisubiri.

"Mwanangu," akasema Mama Kadzo taratibu, "haya umeyajua lini?"

Ningeweza kusema leo. "Siku kumi na moja zilizopita."

Nilisikia upepo upande wake, na mwanamke mwingine akiuliza kuna nini.

"Siku kumi na moja," akasema. "Tumekuwa tukiamka alfajiri, wanawake kumi na sita, na ndoo. Tunamwaga maji ya kijani. Mama mmoja ana mimba ya miezi saba, naye anabeba ndoo." Akavuta pumzi. "Haya. Nimesikia." Akakata.

Bwana Gitau hakupiga kelele. Mama Kadzo alikuwa amempigia mchana ule ule, na yeye aliniita akaniambia nikusanye vitu vyangu. Nilisema, "Ndiyo, ni mimi niliyesema," ingawa hakuwa ameuliza. Niliomba samaki wangu. Akasema ni mali ya kiwanda. Nilipita mbele ya Mama Shiro nikasimama. Nilitaka neno moja tu. Alikuwa amegeuza uso kwenye lundo na sepetu mikononi, na akaligeuza, na kuligeuza tena, lundo ambalo tulikuwa tumeshaligeuza mara tatu asubuhi. Nikaenda zangu.

Mwisho wa mwaka nilipata ujumbe wa Mama Kadzo kwenye simu: "Waliopinda hawakunyooka. Wadogo tuliowaweka baadaye wamenyooka vizuri. Bosi wenu siku hizi analeta chakula kizuri, tumemshukuru." Hakukuwa na mwaliko, nami sikuuliza. Mwatiko wa kwanza wakavuliwa, wakakaangwa, wakaliwa, na mimi nikiwa Pipeline napika ugali na mayai. Niliusoma ujumbe ule hadi macho yakauma. Analeta chakula kizuri! Nilidhani ni ule ukijani uliowaokoa na yeye anabeba sifa, au kwamba amekisoma kile kipande cha boksi chenye hesabu yangu nilipoondoka, akakifuata, akanyamaza. Sikujua lipi linaniudhi zaidi.

Leo niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo, Kayole, nawasomea watu maandishi ya kwenye mifuko kabla hawajalipa, hata wale wasiotaka kusomewa. Bahari bado sijaiona. Mama Shiro nilikutana naye mara nyingi, soko la Umoja si kubwa. "Sasa, Nekesa." "Fiti, Mama Shiro. Habari ya nyumbani?" Tuliongea juu ya nyanya zilivyopanda. Mara moja alinishika mkono kama anataka kusema jambo, akaishia kuniambia nimekonda. Miaka minane ya nyanya.

Juzi ndipo nilipolitoa kopo mkobani nikaliweka karibu na balbu ili nilioshe. Mstari wa ng'ombe upo. Mstari wa kuku upo. Na chini yao, umekwaruzwa kwa msumari na mkono uliobonyeza sana, upo mstari wa tatu, na kando yake kasamaki kadogo, kamechorwa vibaya, mgongo umenyooka kama rula. Nilimpigia Shiro.

"Mama alikuwa anapima nini kwa huu mstari wa chini?"

"Ile ya samaki? Si ile dawa kali kama machungwa. Alikuwa anaitwanga mwenyewe, kwenye kinu, pale nyuma. Mdosi, Gitau, akienda zake jioni ndio anapaka. Kwani hukujua?"

"Alianza lini?"

"Manze, kitambo. Wewe ukitoka tu. Alienda kumsumbua yule mtu wa dawa za mifugo, wakazozana, akarudi nayo kwa kibeti."

"Mbona hakuniambia, Shiro?"

"Si unamjua Mama," akasema, na akaanza kulia, kwa hiyo sikuweza kuendelea kugombana na mtu ambaye hayuko kwenye simu.

Baadaye nilijaza kopo maji hadi mstari wa samaki, kisha nikayamimina kwenye jagi la kupimia, nikarudia mara ya pili kwa sababu sikuamini. Yalikuwa karibu nusu kopo. Nilisimama jikoni, jagi mkononi, na nikamwambia kwa sauti, kama vile yuko upande wa pili wa ubao: robo, Mama Shiro. Nilikwambia robo.